Nyumba yetu Kiponda imekula njia sentimita 62: tubomoe, tununue au tunyamaze?

BintKiponda

Assalaam alaykum jamaa. Humu najua mna mafundi, wapimaji na watu wa sheria, nami nina jambo limenikwama kooni tangu mwezi uliopita. Nitalieleza kwa urefu, mnisamehe. Nimesomesha hesabu skuli miaka thelathini na moja na siwezi kusema "njia imebanwa" bila kutaja vipimo.

Nyumba ni ya marehemu babu, iko Kiponda, Mji Mkongwe, ya chini na ghorofa mbili juu yake, kuta za mawe na chokaa, dari za boriti za mkandaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 haikuchukuliwa na serikali, msiniulize kwa nini, hata mama hakuwahi kujua. Warithi tuko wanane: watatu Maskati, mmoja Dar, wengine hapa hapa, na anayelala ndani ya nyumba ni mimi na paka wawili. Mwaka huu tulikubaliana tuipime na tuisajili kabla hatujafa sote tukawaachia watoto ugomvi. Mpimaji akaja na mashine yake ya miguu mitatu, akazunguka nusu siku, akala biriani langu, baada ya wiki mbili akaleta ramani. Kwenye ramani kuna mstari mwekundu, na kona ya nyumba yetu imeupita. "Bibi, mmeingia njia ya umma kwa sentimita sitini na mbili." Alilisema kwa ile sauti ya daktari anayetoa majibu.

Kichochoro chetu kinapoanzia, upande wa msikiti, ni mita 2.15 ukuta kwa ukuta. Kikifika kwenye kona yetu ni mita 1.22, na hapo ndipo tulipotokeza. Tuna baraza za mawe mbili, kulia na kushoto kwa mlango, na ngazi mbili za kupandia. Halafu kwenye kona penyewe kuna kitu sisi tunakiita "mguu". Ni nguzo nene ya zege iliyoegemezwa ukutani, pana chini, nyembamba juu, mpaka usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza. Ulijengwa 1987, baada ya masika, ukuta ulipotoa kitambi. Nakumbuka kwa sababu ni mimi niliyemshikia fundi taa ya chemli mpaka isha. Siku ile mtaa mzima ulikuja kutupa pongezi, nyumba imeokoka.

Sasa jirani wa mbele ameigeuza nyumba yake ya kulala wageni. Mikokoteni ya mizigo ya watalii inakwaruza mguu wetu kila siku, na mguu unaikwaruza mikokoteni. Amemwandikia sheha barua: kila kilichotokeza kiondoke, baraza, ngazi, mguu, vyote. Kaka yangu wa Maskati anasema tulipe, tununue hicho kipande, yaishe. Binamu yangu anasema tunyamaze, nyumba ina zaidi ya miaka mia, nani atatugusa.

Sitaki kumdhulumu mpita njia, na sitaki nyumba ya babu iniangukie usiku. Mwenye ujuzi aseme.


KijanaWaDarajani

Nyamaza bibi. Mji Mkongwe wote umetokeza. Ukianza kupima baraza za watu hata Sokomuhogo hapatakuwa na pa kunywea kahawa. Miaka zaidi ya mia ishakuwa yenu hiyo. Huyo jirani kaja juzi na vitanda vyake vya wageni.


NdiaKuu

Dadangu BintKiponda, salamu kutoka Mombasa. Sisi nasi Mji wa Kale tunayajua haya, roshani zetu za mbao zimening'inia juu ya Ndia Kuu tangu wazee.

Kijana hapo juu amekosea, tena kosa la watu wengi. Kwetu Kenya iko sheria kwamba ukikaa ardhi ya mtu miaka 12 waziwazi bila ruhusa yake, waweza kwenda kortini uitwe mwenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo imesema haifanyi kazi juu ya ardhi ya serikali na ya umma. Nimewaona watu wametumia pesa za mawakili kwa jambo ambalo kifungu chake ni cha kusoma dakika tano. Na huko kwenu Zanzibar ndio kabisa: tangu Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais, mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Sasa kama hata chini ya kitanda chako ardhi ni ya umma, hicho kichochoro utadai kwa miaka gani?

Kwa hiyo la kununua mlitoe akilini. Atawauzia nani? Sheha si mwenye njia. Manispaa inaifagia tu na kuitunza. Mkimpata mtu wa kuwauzia njia inayopitwa na watu, jueni mmeuziwa karatasi.

Ila na jirani naye asijione ameshinda. Barua kwa sheha si kibali cha kubomoa. Katika Mji Mkongwe hata kubadilisha mlango unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, sembuse kukata baraza. Akija mtu na nyundo, mwulize kibali chake kwanza.

Njia iliyopo katikati ni kukiri. Mnaandika wenyewe kwamba kipande hiki na hiki kimekaa juu ya njia ya umma, mnaomba kiachwe kwa kuwa ni sehemu ya jengo la kale, hamdai umiliki, hamtaziba wala kukodisha. Mnaacha kudai ardhi, na baraza inabaki pale pale.


Pimamaji

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpimaji, si wa huko Kiponda, kwa hiyo biriani sijala.

Swali langu ni moja: sentimita 62 za nini? Nyumba za mawe hazina pembe mraba wala ukuta ulionyooka. Mpimaji akilenga mashine yake kwenye kona anapata nukta moja, na nukta hiyo inategemea amelenga urefu gani. Chini kabisa kuna ngazi na baraza. Kifuani kuna plasta juu ya plasta, kila kizazi na tabaka lake. Juu kuna ukuta ulioinama. Vyote hivyo kwenye ramani vinakuwa mstari mmoja mwekundu, na mstari hausemi kipi ni kipi. Tena kuna vichochoro vimeinuliwa kwa zege la kutandaza mpaka ngazi ya kwanza ya nyumba imezama. Ukipima leo unapata ngazi mbili, babu yako alikuwa nazo tatu.

Usiende popote na hiyo 62. Kabla hujamlipa mtu shilingi, chukua timazi, uning'inize kutoka dirisha la juu, upime umbali wa uzi na ukuta katika kila ghorofa. Fanya mahali pasipo na mguu na penye mguu. Halafu pima baraza peke yake. Hata nyuzi nzito na jiwe linatosha kama huna timazi. Tafuta pia ukuta wa jirani wa ubavuni, ule usioguswa, uone kama msingi wenu uko usawa mmoja nao.


BintKiponda

Marahaba mwanangu. Nimefanya. Timazi nimeazima kwa fundi seremala wa Mkunazini, na mjukuu wa jirani alikaa dirishani juu akishika uzi huku mimi niko chini na futi ya utepe na daftari. Wageni wa hoteli walitupiga picha, sijui wamedhani ni ibada gani.

Matokeo haya. Msingi wetu na msingi wa nyumba ya ubavuni viko mstari mmoja, tofauti haifiki unene wa kidole. Plasta imenenepa sentimita 6, nimeona pale ilipobanduka, matabaka manne, la nje ni saruji. Baraza inatoka sentimita 41. Ukuta wa kona umeinama kwa nje sentimita 11 kwenye sakafu ya ghorofa ya pili, lakini chini hauna kosa. Na mguu, chini kabisa, unatoka sentimita 62.

Kwa hiyo 62 ni mguu, mguu peke yake. Nyumba ya babu haikuvuka kitu. Aliyevuka ni sisi, mwaka 1987, na taa nilishika mimi.

Ninayo pia picha ya harusi ya shangazi, ya 1958, wanaume wamekaa kwenye hizo baraza na kanzu zao, kona nyuma yao ni safi, haina kitu.


FundiChokaa

Mwalimu, umefanya kazi kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Huo mguu nauchukia kabla sijauona, nitakwambia kwa nini. Ukuta wa mawe na chokaa ni kama mtu mzima anayepumua. Unyevu unapanda kutoka chini, unaingia na mvua, na unatoka wenyewe kupitia chokaa. Ukiupaka saruji umemziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, udongo na chokaa vilivyoshika mawe vinakuwa uji. Pili, zege ni gumu na zito kuliko ukuta linaouegemea, na mara nyingi linasimamishwa juu ya ardhi tu, bila msingi wa maana. Likizama kidogo, halishikilii ukuta tena, linauvuta. Nimeona miguu ya namna hiyo imeng'oka na kipande cha nyumba.

Kitambi cha ukuta hakitoki nje kwa sababu njia inakivuta. Kinatoka kwa sababu ndani kumeacha kushika. Ninyi mna dari za boriti. Kichwa cha boriti kimeingia ndani ya ukuta, na ndicho kinachoufunga ukuta wa mbele na nyumba. Paa likivuja, maji yanateremka ndani ya ukuta, yanaozesha vichwa vya boriti. Siku vichwa vikiwa unga, ukuta umesimama peke yake kama pazia. Mguu wa zege chini hausaidii hapo, ugonjwa uko juu.

USIBOMOE MGUU SASA. Narudia kwa sababu najua jirani atakusukuma. Kwanza panda juu, ziba paa, safisha mifereji na michirizi ya maji ya paa. Pili, bandika vioo: vipande vyembamba vya kioo, upana wa vidole viwili, unabandika juu ya kila ufa kwa plasta, huku na huku, unaandika tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Waache wapite masika. Tatu, chomoa bao moja la dari pembeni uvione vichwa vya boriti kwa macho yako, uvichome na bisibisi. Nne, ukuta ufungwe kwa vyuma kutoka nje mpaka ukuta wa ndani, kila ghorofa, na bamba nje. Ndipo mguu ushushwe, kutoka juu kwenda chini, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutetemesha.

Wanaodhani nyumba za kale zinasubiri, wakumbuke Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani. Imesimama tangu 1883, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikashuka mchana watu wakiwa kazini, wawili wakafa.


KijanaWaDarajani

Sawa, nimekubali kuhusu miaka. Lakini baraza je? Hizo nazo ziko njiani sentimita 41. Mbona zenyewe zisemwe ni turathi na mguu usemwe ni kosa?


BabuWaMalindi

Mwanangu Kijana, swali lako ni zuri kuliko jibu lako la mwanzo.

Wazee wetu hawakuwa na Manispaa, lakini walikuwa na fikihi, na mlango wa njia ni mlango mpana. Katika madhehebu yetu ya Kishafii njia inayopitika ni haki ya wapitao wote, Mwislamu na asiyekuwa, mwenye mji na mgeni. Huruhusiwi kufanya humo jambo la kuwadhuru. Roshani na dari ya juu ya njia vinajuzu kwa sharti apite mtu chini yake amesimama wima, na ikiwa ni njia ya misafara, basi apite ngamia na mzigo wake na kivuli kilichowekwa juu ya mzigo. Tena wamesema ni haramu kupatana kwa fedha juu ya hilo. Ama haiidhuru njia, basi huna haja ya kulipa; ama inaidhuru, basi fedha yako haiondoi madhara. Mwambie kaka yako wa Maskati.

Kuhusu baraza wamekuwa wakali zaidi. Neno walilotumia ni dakka, kiti cha kujengwa, ndilo hilo daka la watu wa Lamu. Kauli yenye nguvu inakataza kuijenga njiani. Iko kauli nyingine: kama haidhuru, inajuzu. Mji huu, mnaona wenyewe, umejengwa juu ya kauli ya pili. Na hadithi ya dhiraa saba, watu wakikhitalifiana juu ya njia, mnaijua. Dhiraa saba ni mita tatu na zaidi. Tukiusimamisha huo mkanda Kiponda leo, itabaki misikiti na miembe.

Lakini kipimo cha mtaa kilikuwa kingine, hakijaandikwa. Jeneza. Kichochoro ambacho jeneza linapita na wabebaji wake, na wanaopokezana wakapata pa kuingilia, hicho ni njia. Kisichopitisha jeneza, mwenye nyumba alijua mwenyewe amezidisha. BintKiponda, mimi nimelibeba jeneza kwenye kona yenu. Zaidi ya mara moja. Pale tunanyamaza tasbihi, tunalinyanyua juu ya vichwa, wa mbele wanarudi nyuma, tunalizungusha kama kabati. Baraza haijapata kutusumbua, mtu huweka mguu juu yake akapita. Ni ile zege.

Na huyo mwenye wageni, ukiwa umeshika futi yako, mtazame na yeye ukutani kwake. Mashine zake za ubaridi ziko urefu gani kutoka chini? Mimi si mrefu, na Ijumaa iliyopita kofia yangu iligusa.


BintKiponda

Babu, maneno yako yamenichoma. Jeneza la mama lilipita kona ile 2009. Wanawake tulikuwa ndani, hatukuona lilivyozungushwa. Tulisikia tu tasbihi imekatika kidogo halafu ikaendelea, nikadhani ni pumzi za wabebaji.

Nitarudi na habari. Sitaki ushauri zaidi, ninao wa kutosha.


Pimamaji

Mwalimu, neno moja tu kabla hujaenda. Mpango Mkuu wa kuhifadhi Mji Mkongwe ulipoandaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture, majengo yote ya mji, yapatayo 1,700, yalikaguliwa moja moja. Ulizia kumbukumbu za jengo lako. Ukienda na picha ya 1958, vipimo vya timazi na kumbukumbu hizo, huendi kuomba huruma, unakwenda na hoja.


BintKiponda

Jamaa, miezi kumi na moja imepita. Niliahidi, nimerudi.

Nilianza na paa, kama alivyoamrisha FundiChokaa. Bati la pembeni lilikuwa limenyanyuka na maji yalikuwa yanaingia nyuma ya ukuta, si mbele, ndiyo maana ndani hatukuona tone. Vioo nilibandika vitano mwezi wa Februari, kila kimoja na tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Nilikuwa nikiamka alfajiri navitazama kabla ya kusali, tochi mkononi. Wiki ya pili ya Mei kile cha juu kabisa kikapasuka katikati, mpasuko mwembamba kama unywele. Vya chini vilibaki vizima. Yaani ukuta ulikuwa unatembea juu, pale pale ambapo mguu haufiki.

Tukafungua dari. Vichwa vya boriti tisa vilikuwa vimeoza. Kimoja fundi alikichoma na bisibisi ikazama mpaka mpini, akaitoa, akaniangalia, hakusema kitu. Kaka yangu wa Maskati alikuwa amejiandaa kununua njia. Nikampigia picha ya video, nikamwonyesha unga wa boriti kiganjani mwangu. Fedha zikaja, lakini zikaenda kwenye boriti na vyuma.

Kibali tuliomba Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa kazi yote pamoja: kufunga ukuta, kubadilisha boriti, kubandua saruji na kupiga chokaa, kuondoa mguu, baraza na ngazi zibaki. Nilipeleka ile karatasi ya timazi nimeichora upya kwa rula, na picha ya harusi. Wakaja kutazama, mmoja wao akakaa barazani kuandika maelezo yake, nikaona hoja yangu ishasomwa.

Vyuma viko vinne, viwili kila ghorofa, vimepita sambamba na boriti mpaka ukuta wa kati, nje vina bamba za mviringo. Watoto wa mtaani wanaziita vifungo. Baada ya vyuma nilibandika vioo vipya. Havijapasuka.

Mguu ulishushwa kwa siku kumi na moja, patasi na nyundo. Na siku ya mwisho ndipo tulipoona alichokifanya fundi wetu wa 1987, Mungu amsamehe na mimi na taa yangu. Hakuchimba msingi. Aliumwaga juu ya vifuniko vya mtaro. Mguu ulikuwa umekalia mtaro, umeukandamiza mpaka umebonyea, na maji machafu ya kichochoro miaka yote hiyo yakifika kwetu yanasimama na kunywewa na ukuta. Chini ya zege mawe yalikuwa yametota, ukiyagusa yanamenyeka kama muhogo uliooza. Kile tulichokiweka kuokoa nyumba kilikuwa kinainywesha maji. FundiChokaa, hukukiona, lakini ulikichukia kwa haki.

Mtaro umefunguliwa, Manispaa wamebadilisha vifuniko viwili. Ukuta umepigwa chokaa iliyozimwa na kulazwa, sijui siku ngapi, fundi alikataa kuitumia mpaka aliporidhika nayo, nami nilikasirika nikafikiri ananipotezea muda.

Karatasi ya baraza tumeisaini wote wanane. Imekuwa kama alivyosema ndugu yetu wa Mombasa: baraza mbili na ngazi zimekaa juu ya njia ya umma, sisi hatudai ardhi iliyo chini yake, hatutaziba, hatutakodisha wala kuweka biashara, zitabaki maadamu jengo limesimama, na siku jengo likijengwa upya mstari unarudi kwenye msingi. Binamu yangu alisaini wa mwisho, akisema tumetoa mali ya babu. Nikamwonyesha picha ya 1958. Waliokaa barazani siku ile, nusu yao siwajui, ni wapita njia waliokaribishwa halua.

Kona sasa ni mita 1.84. Jirani wa mbele alikuja kunishukuru, akaleta keki. Mikokoteni yake inapita bila kukwaruza kitu. Kuhusu baraza hakusema neno tena, na juzi nimemkuta mpishi wake amekaa pale anamenya vitunguu. Nikamwacha.

Babu wa Malindi, lile la mashine za ubaridi nimelipima. Ziko tatu, zinatoka ukutani sentimita 38, na ya katikati chini yake ni mita 1.69 kutoka kwenye sakafu ya njia. Zinadondosha maji pia. Keki nilikula, ilikuwa nzuri. Barua nimeshaiandika, iko juu ya friji, sijaipeleka kwa sheha. Nampa mpaka mwisho wa mwezi azipandishe mwenyewe.